Do yako kwenye stade ya Butembo

Papa mupendwa,

Mama ameimba. Ninakupa habari hiyo mbele ya salamu, juu najua ungenikatiza: "Sema ya maana kwanza, Kavira, ingine tutasikia tukikula."

Ilikuwa Butembo, kwenye stade ya mpira. Unacheka? Cheka tu. Ni wewe ulituzoesha safari ile: kutoka Beni asubuhi, taxi inapanda mulima ya Kabasha mpaka masikio yanaziba, na wewe unafundisha shofere kuimba bass, kama vile hana kazi ingine. Halafu mechi ikiisha batu wote banatoka kwa mulango moja, na hapo ndipo nilikuwa natamani ardhi inimeze. Bababa bengine banaita batoto kwa majina. Wewe, hapana. "Kwetu kila nyumba iko na Masika wake," ulikuwa unasema. "Nikiita Mama yako kwa jina hapa, nusu ya stade itageuka." Ukapanda juu ya jiwe, ukarusha do yako nzito, noti ile ya kuanzisha kwaya kanisani. Mama anajibu mi. Mimi, mutoto wa mwisho, ninajibu sol, na haya yote. Hivyo mpaka tunaonana.

Tangu tukuzike, Mama hakuimba tena. Kwaya ilimuachia nafasi yake, lakini yeye anakaa na Biblia kwa magoti, kinywa kimefungwa. Pasteur alimuongelesha, dada zangu balilia, bure. "Nitajibia nani?" aliniuliza siku moja.

Basi, timu yetu ya Beni ilipopanda kucheza Butembo, nikamusukuma twende. Barabara ya siku hizi unaijua, Papa. Tuliomba Mungu toka barrière moja ya baaskari mpaka ingine. Tulifika salama, tukakula tilapia ya ziwani Kyavinyonge, timu yetu ikafunga bao mapema, na Mama akaruka na kofia yako mukononi. Nikajisemea, eh, leo yuko nasi.

Halafu gurudumu ya kamio kubwa ikapasuka nyuma ya ukuta. Puu! Sisi ba Beni, tuliozoea masasi ya vita, hatuulizi ni nini. Benyeji ba Butembo bangali banageuza shingo, sisi tuko tayari mbio. Mukono ya Mama ukaniponyoka. Nilipopata pumzi niko inje, na yeye hayuko.

Simu yake ilikuwa ndani ya saki yangu ya begani. Nikaita "Mama!" Nikaita "Masika!" Bamama bakaitika kila upande. Moja, muuza ndizi, akanishika bega: "Masika niko, binti yangu, lakini si mimi unatafuta." Nilimutoa nyumbani muzima, mimi mwenyewe, kwa kumubembeleza. Dada zangu nitabaambia nini? Tulikuzika wewe, sasa na yeye?

Basi nikapanda juu ya matofali, nikarusha do yako. Papa, ilitoka imekwaruza, hata mbuzi angeona haya. Mwanajeshi wa mulangoni akaniuliza, "Dada, uko mugonjwa?" Nikarudia, na nguvu yote.

Na nyuma ya mapikipiki, mi ikajibu.

Ilikuwa nyembamba, inatetemeka, lakini ni mi ya Mama, ningeijua hata usingizini. Nikaanza kulia, nikatoa sol yangu hivyo hivyo. Batu bakapasuka na kicheko. Bacheke tu!

Akatokea na kofia yako kichwani, kikwembe yote vumbi. Nilimukumbatia mpaka akalalamika ninamuumiza. "Na hiyo do yako," akasema, "iko juu sana. Papa yako angekurudisha ukae kwa banc."

Wasingya, Papa. Asante kwa ile haya yote uliyonipa kwenye mulango ya stade. Tulirudi Beni bazima, na mimi nikalala usingizi wa mutoto. Jumapili Mama alisimama na kwaya. Pumzi inamukatika, lakini anaimba, na moyo wangu umetua kabisa.

Sasa hivi anapika sombe, majani ya muhogo uliyopenda. Amechoka kuningojea, ananiita mwenyewe kutoka jikoni, na do yake ni mbaya kuliko yangu. Pumzika, Papa. Acha niende kumujibu.

Binti yako wa mwisho,
Kavira