Koti la Ngazi ya Baba

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi na mapacha wazima? Mama hajambo, ila magoti bado yanamsumbua. Mimi ninapumua, hasira haijaniua.

Mjomba alituletea gazeti lenye picha yako na lile koti. Eti umelibuni kutokana na majengo ya huko uliko. Majengo gani, mwenzangu? Ile ni ngazi ya uani kwetu, aliyoijenga baba kwa mikono yake. Mikunjo kumi na miwili kutoka begani hadi pindoni, na wa saba mfupi. Matofali yalimpungukia baba pale kwenye kipandio cha saba, nasi sote tukakua tukijikwaa hapo. Nilipokata koti, kosa lile nililiacha makusudi, nimkumbuke. Nikatia waya ndani ya bitana, kama yeye alivyotia nondo kwenye zege, mpaka likasimama. Kisha nikakutumia picha kwa furaha, nikidhani namtumia ndugu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Juzi nililipeleka kwenye maonyesho ya mafundi. Mama wa mlangoni alilitazama mara moja tu. "Dada, hili tumeshaliona gazetini. Tuletee kazi yako mwenyewe." Miaka minne ya kukata na kufumua! Na koti lenyewe halikunjiki, hivyo nililivaa nikarudi nalo juani, watu wakinicheka.

Mama hajui lolote; koti nilimficha miaka yote hiyo, nije kumshangaza. Amebandika picha yako juu ya kitanda chake. Jana alihesabu mikunjo kwa kidole, alipofika wa saba akatokwa na machozi. "Jamani mwanangu! Yuko mbali kote huko, na kile kifupi hakukisahau!" Niligeuka nikajifanya natafuta sindano.

Sitaki zawadi, wala usinipigie simu kunibembeleza. Waandikie watu wa gazeti mstari mmoja tu: koti ni la dada yangu. Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi. Usipoandika, mama nitamwambia mimi, na ile picha ataibandua mwenyewe.

Mpe wifi salamu, na mapacha waambie shangazi yao anawapenda. Mjomba anakusalimu, anajivunia jina lako. Mungu akulinde, akupe na haya kidogo.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Dada yako