Birika Kavu la Njombe

Jumamosi, Makambako

Goti bado linauma, na linanitia wasiwasi kidogo. Lakini nani mwingine hapa ameshalala kwenye birika la kuogea la Wajerumani? Lile bafu lao kule Njombe siku hizi ni makumbusho, hakuna kugusa. Jana tulikwenda kulitazama, mtani wangu Mngoni akanichokoza: "Nyie Wabena mnaogopa hata birika kavu!"

Nikaingia, nikajinyoosha. Kuinuka, goti likagoma.

"Sema Wangoni ni mabwana zenu, nikuvute."

Niseme hivyo, halafu Makambako nitapita wapi? Nikamwambia, "Haya bwana, lete mkono." Nikamvuta mimi, akaangukia humo humo!

Dada wa makumbusho akatutoa huku anafoka: "Babu zangu, hata aibu hamna?"

Mngoni aende akanitangaze sasa. Si na yeye alikuwemo!