Jagi la Maji ya Bwawa

Mpendwa Baba Masunga,

Sasa hivi mwanao amechota maji ya bwawa kwa kikombe cha plastiki, akamkalisha chini mdoli niliyemshonea kwa pamba, akamkaba shingo na kumwambia, "Kunywa. Kama si wewe, kunywa." Amemmwagia mpaka amelowa chapachapa. Halafu akanigeukia akacheka, akangoja na mimi nicheke.

Sikumfundisha mimi. Siku ile alikuwa mgongoni kwangu, hajui hata kusema maji. Kafundishwa na watoto wa mtaa wetu, ndio mchezo wao. Mmoja anakuwa mama bosi, mmoja anakuwa wewe. Hakuna anayetaka kuwa wewe, kwa hiyo wanampa Masunga.

Nakuandikia nikiwa nyuma ya kibanda cha pampu, pale ulipokuwa unatundika shati lako. Kazi yako ya bwawa ninayo mimi sasa. Usishangae, nitakueleza. Mwandiko wangu unaujua, mimi mkeo niliishia la saba, soma polepole.

Unakumbuka walipochimba kile kisima kirefu hapa kwa mama bosi? Tulikuja kuyaona maji, yametakata kabisa. Ulinichotea kwa kiganja ukaniambia, "Onja, mayu wangu. Yana ladha ya msumari." Tukacheka. Jibu lote lilikuwa mdomoni mwetu na hatukulijua.

Ile wiki ya sendofu ya Neema, binti wa mama bosi, ulikuwa unatia mrututu bwawani kuua ukijani wa kuta. Neema akaogelea na zile nywele zake alizozipaka rangi ya dhahabu, na asubuhi ya sherehe zikaamka kijani kama majani ya mpunga. Nyumba nzima ikalia. Mama bosi akakuamuru umwage maji yale, ujaze mapya ya kisima, haraka. Ukajaza, ukatia klorini. Wageni wanaingia getini, bwawa limekuwa chai ya rangi. Ukaongeza klorini, yakazidi kukolea. Nilikuona unavyokoroga na ule mti mrefu, shati limekuganda mgongoni, kama mtu anayezima moto kwa mafuta ya taa bila kujua.

Mtu mmoja akasema, "Bibi yake si alikuwa mfumu kule Zagayu?" Mwingine akasema waganga huwa hawafi wote, huwa wanaacha kitu kwa wajukuu. Hapo ndipo mama bosi alipoagiza lile jagi la kioo la juisi. Akalichovya bwawani mwenyewe, na gauni lake la sherehe.

"Kunywa. Kama si wewe, kunywa."

Ulikunywa. Yule mjomba wa bwana harusi akauliza, "Sukari imekolea?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ulimaliza, ukaligeuza jagi kuonyesha limekwisha, ukasema, "Asante, mama." Halafu ukaniangalia mimi. Mimi nikainamisha kichwa.

Hilo unalijua. Lakini lile la nyumbani ndilo linalonitafuna. Ulifika, ukanyoosha mikono umpokee Masunga, nikakwambia, "Usimshike kwanza. Oga." Ukaoga. Ukarudi unachuruzika maji, ukanyoosha mikono tena, nikambana mtoto kifuani. Ulikaa na mikono yako magotini, kama vyombo vilivyokosa mwenyewe. Kesho yake ukaenda Malampaka kupanda treni ya Mwanza, na pale mlangoni ukaniambia, "Nitarudi siku watakaposema ukweli wenyewe, palepale waliponinywesha."

Baba Masunga, hukuwa wewe. Yalikuwa maji.

Ulipoondoka, mama bosi alikosa mtu wa bwawa, akanipa mimi kazi yako. Kisha akaja fundi wa pampu kutoka Binza, kule Maswa. Akachovya kijikaratasi, akakitazama, akasema, "Dada, maji yenu yana chuma. Yakitoka kisimani hakionekani, ukiyatia klorini kinageuka kutu." Nikamuuliza na nywele. Akasema hiyo ni shaba, mrututu wenyewe ni shaba, inashika kwenye nywele zilizochomwa dawa. Nilimrudisha aseme mara ya pili. Alidhani sisikii vizuri.

Basi nikafanya kama mama yangu alivyokuwa anafanya na maji ya lambo, anayaacha mtungini yatulie kwanza. Nayajaza kwenye tangi kubwa, natia klorini humohumo, nasubiri kutu ishuke chini, ndipo navuta ya juu. Mdomo wa mpira nauziba kwa pamba safi, yatoke yakichujwa. Pamba ya kwanza ilitoka nyekundu kama imezikwa udongoni. Nikampelekea mama bosi, na ndoo ya maji ya kisima, nikaitia klorini mbele ya macho yake. Ikawa chai. Aliangalia, akasema, "Kumbe." Nikalia, nikamweleza yote, mpaka lile la kukunyima mtoto. Akanishika bega. Akasema siku ya kipaimara cha mdogo wake Neema wageni watakuwa walewale, atasimama aseme hukuwa na kosa.

Ndiyo leo. Shati lako nimelifua. Kuna jirani anaenda Mwanza, barua hii ataibeba yeye. Nilitaka niimalizie kwa maneno ya mama bosi, uyasome wewe mwenyewe upande treni.

Maji leo ukidondosha sindano unaiona. Ngoja, ameshika maiki. Nayaandika anavyosema.

"Mnaona maji yalivyotakata? Tangu yule mwenye mkono mbaya aondoke, hayajabadilika hata siku moja."

Wanapiga makofi. Yule mjomba anauliza, "Na mke wake si bado yupo hapa?"

"Mke ndiye shahidi wangu," anasema. "Alimnyima mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Mama Masunga, hebu njoo uwaambie wageni."

Maji niliyoyasafisha mimi ndiyo anayokushitakia. Na siri yangu ndiyo amewapakulia wageni pamoja na pilau.

Masunga kanishika kanga, kikombe chake mkononi. Ile pamba nyekundu ninayo, nimeifunga kwenye pindo. Ndoo ipo, bomba la kisima lipo, klorini ipo.

"Mama Masunga, unatuchelewesha."

Kazi hii leo inaisha, najua. Siku ile niliinamisha kichwa. Leo naipeleka ndoo hadi katikati yao, natia klorini wakiangalia, na ikishakuwa chai nachota kwa jagi lao lilelile la kioo, nampa mama bosi mkononi, namwambia, mama, kama si maji, basi kunywa.