Jezi za Kamba ya Mbele

Chumba cha Kufulia,
Nyuma ya Uwanja,
Mlango wa Bluu.

Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kama mapovu ya sabuni niliyoyaacha kwenye beseni ili nikuandikie. Marahaba kwa ile shikamoo uliyonitumia mwezi uliopita. U hali gani, baba? Mgongo umepoa? Wifi yangu hajambo, na watoto? Yule wa mwisho ameshaota meno ya mbele, au bado anacheka kama kikongwe? Sisi huku tunapumua. Goti langu la kulia linalia nikipanda ngazi na kunyamaza nikishuka. Uzima tunao, na mwenye uzima hakosi la kushukuru.

Najua utashangaa kuona barua badala ya kusikia simu ikilia. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne, basi soma polepole usiniruke. Simu yangu wameichukua klabuni. Wamechukua za wote, kuanzia kocha msaidizi hadi mkata nyasi. Hii nampa dereva wa lori la sabuni, amesema Alhamisi atakuwa huko kwenu.

Mdogo wangu, nyumba hii imeingiwa na mdudu. Tulifungwa mechi tatu mfululizo. Kufungwa si ajabu, mpira ni duara. Ila tulifungwa na watu waliokuwa wanatujua hadi ndani ya soksi. Ya kwanza, beki wetu mpya wa kulia alikuwa hajazoea, na wale mabwana wakapeleka mipira yote kwake tangu dakika ya kwanza. Ya pili, kocha alimficha kipa wa kwanza akamweka wa pili, yule mfupi, bila kumwambia mchezaji yeyote hadi Ijumaa alasiri. Wageni wakaja wanapiga juu, juu, juu. Baada ya mechi kocha wao akasema mbele ya waandishi kwamba walijiandaa kwa kipa mfupi. Ya tatu sitaki hata kuisimulia.

Basi kocha akasema kuna kinasa sauti chumba cha kubadilishia nguo. Wakaja mafundi wakapasua dari. Wakapata kiota cha panya na soksi moja niliyoitafuta mwaka mzima. Tangu hapo watu hawaongei. Wakitaka kusemezana wanafungua bomba la maji ili mlio ufunike maneno. Mimi nalipia kwa mgongo, maana tanki likiisha nani anabeba ndoo? Daktari wa timu akiniuliza goti linaendeleaje, anainama sikioni kama tunapanga wizi.

Dari ilipokosa mwizi wakageukia simu. Na kwenye simu ndipo walipompata mpwa wako.

Unajua wachezaji wanaambiwa kikosi Ijumaa alasiri. Wakakuta kila Ijumaa, akitoka tu kwenye kile kikao, mwanetu anapiga namba moja ya mbali, dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Namba hiyo ni yako. Akawaambia, huyo ni mjomba wangu, ndiye aliyeninunulia viatu vya kwanza, namwambia kama nimepangwa au la. Meneja akacheka. Akasema, "Kila mwizi ana mjomba, Kiberiti."

Hilo jina la Kiberiti mashabiki walimpa kwa mapenzi, kwa kuwa ni mdogo na anawaka. Sasa wanalitumia kusema ndiye aliyechoma nyumba. Na kwa kuwa mechi zote tatu kocha alimweka benchi, wanasema alikuwa na kinyongo, akauza siri.

Wamemsimamisha. Wamempa karatasi aandike jina lake chini: kwamba alitoa siri, kwamba anaondoka mwenyewe, na wao hawatampeleka mbele zaidi. Asipoiwekea sahihi kufikia mwisho wa mwezi, watampeleka kwa wakubwa wa mpira, na huko kifungo chake ni miaka. Ana miaka ishirini na mbili. Mchezaji akikaa nje miaka minne anarudi kufanya nini, kuokota mipira?

Yuko kule chumbani nilikopanga, amelala ameuangalia ukuta. Chakula anakigusa kama mtu anayepima moto. Jana amesema, "Mama, nisaini tu yaishe." Kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. Moyo wangu ukafanya kama shati linalokamuliwa.

Hapa nina la kuungama. Waliposema namba ni yako, nilikushuku. Siku mbili nzima. Nikajiuliza, labda mdogo wangu aliropoka kazini, labda kuna mtu alimnunulia soda akamchota maneno. Mimi niliyekubeba mgongoni nikakuweka kwenye mizani kama samaki. Nisamehe. Ukiishi nyumba ambayo kila mtu anamchungulia mwenzake, mwisho unachungulia hata damu yako.

Sasa nisikilize vizuri, maana aliyetoa siri nimempata.

Unaijua kazi yangu. Kila Ijumaa asubuhi mzee wa stoo ananiletea kikaratasi chenye namba kumi na moja za watakaoanza, ili nizifue na kuzipiga pasi hizo kwanza, kwa sababu stika za namba zinabanduka na zinataka mkono wa taratibu. Kwa hiyo kikosi nakijua kabla ya wachezaji wenyewe. Miaka tisa sijamwambia mtu. Hata mwanangu mwenyewe akinibembeleza, "Mama, nipe dalili tu, kohoa kama nimo," sikohoi. Najisifu kwa hilo. Mdomo wangu una kufuli.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nashona kwapa la jezi ya njano, ile ya kipa mfupi. Nikajiambia, hii mara ya mwisho niliianika wapi? Kamba ya mbele. Sindano ikanichoma kidole na sikusikia.

Mdogo wangu, juu ya paa la klabu nina kamba mbili. Ya mbele inapata jua, ya nyuma inakula kivuli cha tanki. Wa kuanza nawaanika mbele, wa akiba nyuma. Tena nawapanga! Kipa kwanza, mabeki, viungo, washambuliaji, kama nilivyoona kwenye ubao wa kocha, kwa sababu roho yangu inapenda kuona timu imesimama kwenye upepo. Namba zote mgongoni, kubwa, nyeupe, zimeelekea barabarani. Ng'ambo ya barabara kuna ghorofa. Ghorofa ya tatu kuna bwana mmoja anayekunywa chai kibarazani kila Ijumaa. Mstaarabu kweli. Ananipungia mkono, "Shikamoo mama, kazi njema!" Nami namwambia marahaba mwanangu, nawe pia. Nilimhesabu kama jirani mwema.

Ijumaa nilipanda nikaanza kuanika huku nikimwangalia chini ya kanga. Alinisubiri nimalize. Kisha akainua simu, akaishika vile wanavyoishika watu wanaopiga picha, mara moja, mara mbili. Halafu akanywa chai yake. Sijui ni wa nani wala anawauzia kina nani. Ila walipasua dari bure. Mdomo wangu ulikuwa na kufuli na kamba yangu inapiga kelele.

Nikafanya akili yangu ya darasa la nne. Nikazianua, nikajifanya nimesahau kuzisuuza, nikazirudisha nimezipanga uongo. Kwenye kikaratasi mshambuliaji alikuwa yule mdogo mwenye mbio, namba kumi na saba. Mimi mbele nikamwanika namba tisa, lile jitu refu. Bwana wa chai akapiga picha zake, akanipungia. Nami nikapunga.

Jumamosi wageni wakaleta mabeki wawili warefu kama nguzo za umeme. Kale kadogo ketu kakawapita kama panya chini ya kabati. Mbili bila. Kipindi cha mapumziko nilipeleka taulo chumba cha wageni, nikasikia kocha wao anafoka ndani: "Mliniambia yule mrefu! Yuko wapi huyo mrefu?" Nikabaki nimeganda, sikio kwenye mlango, taulo kumi na tano kifuani. Nilitaka kupiga kigelegele palepale.

Mechi ilipoisha nilikimbia kwa meneja, goti na yote. Nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia ni mimi, nifukuze mimi, mwanangu hana kosa. Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akaniambia, "Kwa hiyo mama, anayesikiliza milangoni ni wewe?"

Nikamvuta hadi paani aone mwenyewe. Kibaraza kile kilikuwa na blanketi tu. Akasema, "Jirani anaanika blanketi, wewe unaanika jezi. Nani anampeleleza nani?" Kisha akalainika, na huko kulainika ndiko kulikoniua. Akanishika bega. "Mama, kila mzazi angemkingia mwanawe kifua. Lakini angalia mwenyewe. Kiberiti yupo, tunafungwa mara tatu. Kiberiti katoka, tunashinda. Mimi nifanye hesabu gani nyingine?"

Umeelewa, mdogo wangu? Ule ushindi niliotafuta umsafishe mwanangu, ndio umemfunga. Nimeisokota kamba kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa hata wale waliokuwa wanasita wanasema, mnaona, mchawi katoka na mvua imenyesha. Kocha akinipita ananisalimia kwa upole, kama tunavyomsalimia mfiwa.

Nilirudi nikamwambia mwanetu yote. Aliketi kitandani. Akasema, "Kumbe ni wewe, mama." Basi. Hakupandisha sauti. Ningependa angenifokea, angepiga hata mlango teke, nijue Kiberiti bado yumo mle ndani. Akalala tena akageukia ukuta.

Sasa nakuomba jambo. Wewe ni mjomba, neno lako lina uzito ambao langu limepoteza. Barua ikifika mpigie kupitia simu ya fundi cherehani jirani yetu, namba yake unayo; mimi haya yote nisingeweza kuyasema mbele yake. Mwambie asiweke sahihi kabla ya Jumamosi kupita. Usimweleze kwa nini. Mwambie tu mjomba amekataza. Na wewe mwenyewe andika kwa mkono wako kwamba ile namba ni yako, kazi yako ni hii, na maneno mliyokuwa mnaongea ni haya. Labda watacheka. Waache wacheke wakiwa na karatasi mkononi.

Nilipokuwa nashuka ngazi za paa, meneja alinitupia neno kwa mzaha, "Endelea kuanika unavyotaka mama, hata ukipenda juu ya mnara." Kwa hiyo ruhusa ninayo, japo nimepewa kwa dharau. Ijumaa hii nitaanika kama zamani. Kamba ya mbele, namba za kweli, kipa hadi mshambuliaji, na bwana wa chai nitampungia. Mwanetu hajui kikosi, hana simu, hajakanyaga klabuni wiki ya pili sasa. Tukifungwa kwa siri ile ile, watasema ni nani safari hii?

Usinidhanie nafanya hivi kwa moyo mweupe. Mara tatu za kwanza nilikosa bila kujua, na Mungu hamwandikii dhambi asiyejua. Hii ya nne nitaifanya macho makavu. Kipa mfupi ndiye anayenibebea beseni hadi paani tangu goti lianze. Kwenye kikaratasi cha Ijumaa atakuwemo, kwa maana yule wa kwanza ameumia kidole. Nitamwanika mbele, wa kwanza kabisa, nikijua watampigia juu. Naye ana mama yake. Nimelipindua hili neno kila upande na sijapata upande usio na doa. Ukiwa na njia nyingine niambie, nitaifuata. Ukikosa, ujue dada yako si mwizi, amebanwa tu.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie zile shuka alizonipa bado nyeupe. Nisalimie Mkubwa na Kidevu, wasiache shule. Nisalimie mama mwenye nyumba wenu aliyekuuguza mgongo. Shangazi yetu ukimwona mpe shikamoo yangu, ila haya mengine usimwambie, yule habari hailali kwake.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuepushe na jicho linalochungulia na sikio linalotega.

Miaka tisa kila Jumamosi nimeipigia goti timu hii ishinde. Wiki hii nyote mkikaa kuomba, wewe na wifi na watoto, naomba mniombee jambo ambalo sijawahi kulitamka: tufungwe.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni na nikupendaye bila kupunguza,

Dada yako.