Televizio ya picha mbili-mbili

Vulamba, Jumamosi, siku ya posho, magaribi

Televizio gani hii! Mwenye magazini aliyetuuzishia alituapia picha ni safi. Mais kila mutu anatokea na kivuli pembeni, kama bako babili, na sura zote ni unga mutupu.

Leo kaseti ya ndoa ya dada ya bwana yangu imefika toka Kinshasa, kupitia Kampala. Ni miaka mbili sasa vita imekata njia, na bwana yangu amebakia kule. Nilitaka kujua tu kama amekonda. Nilimutambua kwa kutembea kwake.

"Angalia, amenenepa!" mama-mukwe akafurahi.

"Mama, mu hii televizio kila mutu ananenepa."

Nikaipiga kofi. Nikageuza vifungo vyote. Bure!

Kisha bwana yangu akapita tena akicheza, na mutu karibu yake sana, amemushika bega.

"Na huyu ni nani?"

Mama-mukwe akaacha kuchambua maharagi. "Mwana wangu, ni kivuli tu. Televizio ni mubaya."

Donc nikarudisha kaseti mara tatu. Vivuli vya batu bote viko kushoto. Cha bwana yangu kiko kuume, na kimevaa kitenge.