Mkomamanga wa Baba na Unga wa Mizizi

Jebel, Juba

Mama yangu,

Kabla hujauliza lolote, jua kwamba Juba nzima hakuna anayejua miti kunishinda mimi. Nikipita sokoni hata kuni zinataka kuota majani. Vidole hivi Mungu alivitengeneza siku ambayo hakuwa na haraka.

Haya, sasa salamu. Goti lako linasemaje na baridi ya Kitale? Unakula, au unawagawia wajukuu kisha unadai umeshiba? Mimi ni mzima. Bunduki bado zinalia upande ule wa mlima. Zikianza tunalala chini kati ya miche, zikinyamaza tunaendelea kumwagilia. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenisikia sauti, na sauti yangu siku hizi si ya kuaminika. Dereva wa lori la Nimule ataileta barua hii.

Bosi wangu hapa kitaluni ni yule Mama Keji niliyekutajia, aliyesomea kilimo huko Uganda wakati wa ukimbizi. Ananiita Profesa wa Darasa la Sita. Namwambia profesa ni profesa tu.

Unakumbuka siku ya lori, ulipokuwa unakimbia. Nyumba ilikuwa imeungua, na mkomamanga ulioupanda kwenye kaburi la Baba ulikuwa umeungua nao, ukabaki na matawi matatu mabichi upande wa ukuta. Ukanishika mkono ukasema, "Chukua mawili ukaoteshe. La tatu liache kwenye shina, hata likikuudhi kwa ubaya wake." Nikakubali.

Basi nilikata vijiti, nikavipeleka kitaluni. Pale tuna unga wa mizizi, dawa ya kufanya kijiti kitoe mizizi: unachovya ncha ya kijiti kidogo, unakigonga ili unga uliozidi uanguke, ndipo unakichomeka mchangani. Mimi nikawaza, hivi ni vya Baba, nitavigongaje kama vya wateja? Nikachovya mara mbili, sikugonga. Kisha nikachukua ile dawa ya kuchipuza tunayopulizia maua, nikavipulizia kila asubuhi. Mama, vilitoa majani. Majani mekundumekundu, yanang'aa kama viatu vya mchungaji. Ndiyo siku niliyokupigia nikajisifu mpaka salio likaisha, nawe ukawaambia akina mama wa kanisani. Najua uliwaambia.

Siku ya maombi ya kumkumbuka Baba nikavihamishia kaburini. Majirani walikuja, mchungaji akaja, na Mjomba akaketi mbele kama kawaida yake. Nikasimama nikaeleza ufundi wangu. Nilikuwa bado naeleza, mbuzi wa jirani akauma kijiti kimoja, akakivuta, kikatoka chote kama kijiko kwenye uji. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Mjomba akakiokota, akakigeuza, akaniuliza, "Sasa hii umepanda, au umeegesha?"

Watu walicheka, Mama. Kwenye kaburi la Baba. Mchungaji naye alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Nilivipeleka vyote kwa Mama Keji. Chini vilikuwa vimevimba, vina vinundu vyeusi. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema ndani ya mti kuna homoni zinazosemezana. Moja hutengenezwa juu, kwenye machipukizi na majani machanga, ikashuka kuita mizizi. Ndiyo iliyo kwenye ule unga. Ikiwa kidogo, mzizi huanza na kurefuka. Ikizidi, mzizi hujaribu kuanza kisha hufungwa pale pale. Nyingine hutoka mizizini ikapanda kuamsha machipukizi. Ndiyo iliyo kwenye ile dawa niliyopulizia. Hiyo ikijaa kwenye kijiti, huizuia mizizi isianze. "Uliwasha zote mbili kwa nguvu," akasema. "Majani yalikuwa yanakula akiba ya kijiti. Malesh, Profesa." Hiyo ndiyo pole ya huku.

Nisalimie dada yangu, mwambie bado ninavaa sweta lake ingawa jua la hapa linanicheka. Msalimie Shangazi anayekulaza kwake, na yule mwanawe mdogo anayeniiga kutembea.

Nilitaka kutia jina hapa nikunje karatasi. Lakini najua ukifika hapa utasema, si neno, shina lipo, kuna lile tawi la tatu.

Nililikata pia, Mama. Nilitaka safu nzima kaburini, watu wapite waulize ni ya mtoto wa nani. Mama Keji alipomaliza kunieleza, aliuliza shina nililiachia nini. Nimerudi kaburini nikachimba pembeni mwa shina, mizizi ile uliyoinywesha maji ya kuoshea vyombo inakatika mkononi kama biskuti. Moto uliacha matawi matatu. Mimi sikuacha hata moja.

Mwanao,
Lado