Plasta Nne za Sakafuni

Mpendwa mshauri, hili sijamwambia mtu, hata mama: zile plasta nne zilizobandikwa kwenye sakafu ya chumba cha upasuaji, ambazo hospitali nzima inazisifu, nilizibandika mimi.

Naomba msaada wako na naomba univumilie, maana kwa kalamu najieleza vizuri kuliko kwa mdomo. Darasani hata nilipoulizwa swali nililolijua, jasho lilitangulia jibu. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na mama mdogo, ambaye ndiye muuguzi mkuu wa chumba hicho, amenitafutia kazi ya usafi. Kuna mashine yenye mikono minne ya chuma, kila mkono umesimama kwenye kigari chake kando ya kitanda, na daktari anaiendesha akiwa ameketi pembeni, macho ameyazamisha kwenye kioo, hivyo anaona ndani ya tumbo la mgonjwa tu, huku nje haoni mikono inavyopishana. Ikigongana, ko!, ncha iliyo ndani ya tumbo inatikisika, mama mdogo anapaza sauti, "Simama, daktari!" na kila mtu anabana pumzi, hata mimi niliye nje ya dirisha na kitambaa changu. Fundi wa mashine, tunayemwita Spana, alikuwa anasema, "Hii mikono inagombana kama mawifi jikoni." Wanacheka, wanasogeza vigari kwa kukisia, kesho yake ko! tena.

Mimi ndiye ninayeifuta, nikaona mikwaruzo iko palepale kila siku, kwenye mkono wa pili na wa tatu. Nikapima kwa rula, nikaenda nyumbani nikachukua bikari yangu ya shule, nikachora kitanda daftarini na mduara wa kila mkono, na miduara ilipoingiliana ndipo penye mikwaruzo. Nikasogeza, nikafuta, nikasogeza, hadi karatasi ikatoboka, na mwisho nikapata: kigari cha pili kirudi nyuma shibiri moja na nusu, cha tatu kielekee miguuni. Asubuhi napiga deki peke yangu, nikabandika plasta nne za vidonda, moja kwa kila kigari, basi. Spana akadhani ni za mama mdogo, mama mdogo akadhani ni za Spana, wakaegesha vigari juu yake.

Hii ni wiki ya tano, mshauri, na mikono haijagongana hata mara moja! Daktari akauliza, "Sista, nani ameitia adabu mashine hii?" Spana akamtazama mama mdogo, mama mdogo akasema, "Tunajitahidi, daktari," nami nikalifuta dirisha lilelile mara tatu, natabasamu kama mjinga.

Sasa Jumatatu wanahamia chumba kipya. Juzi nimemwona mama mdogo akipima plasta zangu kutoka ukutani, ili azibandike vilevile kule, lakini mimi nilizipima kutoka kitandani, na kule kitanda kiko karibu zaidi na ukuta. Nimechora upya, miduara inaingiliana. Mgonjwa wa kwanza ni mzee ambaye kila akija huniita "mwalimu" kwa sababu ya daftari langu. Nikisema, mama mdogo ataaibika mbele ya daktari na mimi huenda nikafukuzwa kwa kugusa nisichotumwa, na nikinyamaza nitasimama dirishani nikisubiri ko! nikijua inakuja. Nifanye nini? Tafadhali usimwambie mtu, na wewe unayesoma, kama unanifahamu, kaa na siri yangu.

Wa Dirishani

JIBU

Wa Dirishani, barua yako nimeichomoa katikati ya rundo, maana Jumatatu haitusubiri.

Kwanza, tembea kifua mbele. Wakubwa walikuwa wanakisia, wewe umepima. Nimeisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini, na mhariri wetu, ambaye hasifu mtu, amesema, "Huyu mtoto ana kichwa."

Pili, nikugombeze. Umebandika alama bila kumwambia yeyote ni za nini! Ungekosea kidogo, vigari vingeegeshwa juu ya kosa lako na hakuna ambaye angejua amuulize nani. Mama yako mdogo anapima kutoka ukutani kwa sababu hujamwambia. Na aibu unayomwogopea, ataipata kwa ko! ya Jumatatu, si kwako.

Nenda kwake leo, na kama naye husoma ukurasa huu, kimbia umwahi. Mkiwa wawili tu, mwambie, "Mama, zile plasta nilizibandika mimi." Ulimi ukigoma, fungua daftari, weka kidole juu ya kitanda. Akikukaripia, pokea, umestahili kidogo. Kisha mwende pamoja kwa daktari na Spana. Waombe wapange vigari katika chumba kipya kukiwa hakuna mgonjwa, waizungushe mikono yote hadi mwisho wake, huku mtu amesimama kando ya kitanda akiitazama. Alama zipimwe kutoka kitandani, na karatasi ibandikwe ukutani ikieleza ni za upasuaji gani na nani alizipima. Jina lako liwepo.

Hapa gazetini sitaliandika, hilo nakuahidi. Lakini siri hii si yako peke yako, nusu ni ya yule mzee anayekuita mwalimu.

Na lile dirisha, mwanangu, limeshatakata. Ingia ndani.